Kahawa ya Wawili Kwenye Kifuniko cha Termosi

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Masisi kutoka Walikale na mfuko wa kahawa kichwani, na kitu kingine hakuleta. Vita iliwakuta wakianika mavuno, akasema alibeba kilichokuwa karibu na mkono. Nguo nilimwazima mimi. Wakati ule nilikuwa mtu wa upana, vitenge vyangu vilimzunguka mara mbili, naye alikuwa akijifunga huku anacheka peke yake.

Siwezi kusema tulipendana siku hiyo. Yeye ni mtu wa msitu, mtaratibu, wa kuzungumza na moto kuliko na watu. Mimi ni wa huku milimani, wa maziwa na maharage, na mdomo ninao. Alionja kahawa yangu ya unga wa dukani, akaiweka chini. Kesho yake aliamka kabla yangu, akakaanga za kwake kwenye chungu, akatwanga, akachemsha, nami nikakuta kikombe changu kimewekwa juu ya kigoda. Nilikunywa kwa hasira, kikaisha, nikaomba kingine. Tangu hapo ugomvi wetu wote ulimalizikia kwenye kahawa, yeye na gobele yake, kikombe cha bati, mimi na kikombe changu kikubwa chenye maziwa na sukari mpaka kijiko kinasimama.

Kikombe cha mwanawe, yaani mume wangu, alikipeleka mwenyewe hadi mlango wa chumba. Hakubisha hodi. Aliuliza tu, "Uko?" Ndani mume wangu anajibu, "Niko, Mama," ndipo anasukuma mlango. Mume wangu alikuwa mnene kama mimi, tena na presha na sukari juu yake, na watu walitutania kwamba kitanda chetu kinastahili kupewa likizo. Asubuhi moja nilitoka mapema kwenda kukamua. Niliporudi na maziwa nilimkuta Mama amesimama mlangoni, kikombe mkononi, kahawa imekwisha kupoa. Alikuwa ameuliza, akauliza tena. Mlango alikuwa hajaufungua. Niliufungua mimi.

Baada ya mazishi wanawe wengine walikuja kumchukua, akakataa, akasema anabaki na mimi. Kahawa aliendelea kupika. Neno lile la mlangoni sikulisikia tena. Aliweka kikombe changu kwenye kigoda, akakohoa, nami nikajua kumekucha.

Mwili wangu ukaanza kunilipa kama wa mume wangu ulivyomlipa. Magoti yaligoma, sukari ikapanda, nikawa napumzika njiani nikienda shamba ambalo zamani nililifikia nikiimba. Kaka yangu anayeishi Ulaya alisikia habari za upasuaji wa kupunguza tumbo, akapanga kila kitu nikafanyiwe Kampala. Ndugu zangu waligawanyika. Wengine walisema tumbo ni la Mungu, halikatwi. Nilimwuliza Mama, nikitegemea atanizuia ili nipate sababu ya kutokwenda, maana niliogopa sana.

Alisema, "Miye nilishazika moja. Enda."

Nikaenda. Nilirudi na tumbo lililobaki kama ndizi moja iliyoiva, na mwili ulioanza kupungua. Kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyenipandisha kutoka Sake, ambaye alizoea kunibeba mimi peke yangu kama mzigo kamili, aliniuliza safari hii abiria wa pili tumemwacha wapi. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Daktari alikuwa amenipa masharti mengi, na karibu yote niliyavumilia. Kula kidogo, kutafuna sana, kumeza maji tone kwa tone mchana kutwa. Lililoniuma lilikuwa la kahawa. Kwa sasa niiache kabisa, alisema, kwa kuwa tumbo bado ni kidonda na kahawa inalikera, tena inaweza kukausha mwili wakati maji yenyewe nayameza kwa tabu. Akiniruhusu baadaye, itakuwa kikombe kidogo kwa siku, bila sukari, mbali na chakula, mbali na vidonge vya kuongeza damu, na isichukue nafasi ya maji.

Nilimweleza Mama haya yote tukiwa uani. Alisikiliza akichambua maharage, kisha akataka kujua kitu kimoja tu, kama munganga alinikataza hiyo kahawa kwa kinywa chake mwenyewe. Nikasema ndiyo. "Njo mwiko," akasema, yaani ndio mwiko wenyewe. Nikaitikia ndiyo tena, ili tumalize, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala.

Asubuhi zilizofuata hakukuwa na harufu ya kahawa nyumbani. Nilimshukuru moyoni. Nilidhani anakwenda kunywa kwa jirani ili asinitamanishe, na nikaona ni adabu kubwa kwa mtu wa umri wake. Ila aliacha kuzungumza hata na moto. Alikaa amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa mpaka ngozi ya paji imejikunja, na ukimwita anageuka polepole kama shingo inamwuma. Usingizi ukamshika mchana. Nilimsemesha, akanijibu kwa mkato. Nikajua ni malaria, nikampeleka kituo cha afya, mimi mwenyewe nikitembea kwa shida, wagonjwa wawili tunaegemeana.

Kipimo hakikuonyesha kitu. Muuguzi akaanza maswali ya kawaida, anakula nini, analala vipi, kuna kitu alichozoea akakiacha ghafla, tumbaku labda, au kahawa. Mama aliangalia ukuta. Nilimjibia mimi kwamba huyu kahawa hajaiacha tangu azaliwe. Akaendelea kuangalia ukuta, na ndipo nilipoanza kuelewa.

Nyumbani nilimkalisha kwenye benchi na nikataka aniambie. Nilikuwa na hasira, sifichi. Mtu mzima, ametembea kwa miguu kutoka msituni, ameona ya kuona, halafu ananiumiza kichwa kwa kujiumiza kichwa. Akangoja nimalize.

"Kwetu mutu akipewa mwiko, hawezi kuubeba peke yake," akasema. "Muko wawili. Peke yake ataanguka. Akianguka anakufa. Sasa weye uko na nani hapa, kama haiko miye?"

Mume wangu angekuwepo angenieleza mila ya kwao, kwamba mwenye mwiko hupewa mwenzake wa kuushika naye, na kwamba mwenzake hatangazi. Mimi nilifikiri mwiko ni jina lake tu la ushauri wa daktari. Niliketi kando yake nikalia, naye akanipigapiga goti, lile bovu, taratibu.

Nilimpigia daktari simu siku hiyohiyo. Alisema kichwa cha Mama kitatulia chenyewe, na kama anataka arudie kahawa kidogo kidogo hakuna ubaya. Kuhusu mimi, bado. Nikampa Mama ujumbe unaomhusu yeye. Akasema amesikia, akaendelea kuchambua maharage, na chungu cha kukaangia kikabaki kimefunikwa.

Kichwa kilipoa kweli, kitambaa akakivua. Lakini sasa mimi ndiye niliyefungwa. Siku moja dada yangu, ambaye hutengeneza jibini upande wa pili wa kilima, alinimiminia kahawa ya maziwa akisema tone moja halimwui mtu. Mvuke ukanifikia usoni. Mwanzoni, nilipotoka tu Kampala, ningejiambia daktari yuko mbali, hanioni. Ila nilimwona Mama na kitambaa chake. Kama nikinywa hapa, yeye kule nyumbani anabeba nini na kwa ajili ya nani? Nilisukuma kikombe, dada akakasirika, na nikarudi nyumbani na kiu yangu.

Ruhusa ilikuja kwa simu, baada ya vipimo vya Goma kutoka vizuri. Daktari alirudia masharti yote, akanisisitizia kwamba nisikie tumbo langu, likiungua niache. Mama alikuwa amesimama karibu kabisa, anataka kusikia kwa sikio lake. Nilipokata simu alikwenda kufunua chungu.

Alikaanga kahawa ile ya Walikale, ya mwisho kabisa chini ya mfuko. Ila tukaanza kubishana. Kwao, walioshika mwiko pamoja huufungua kwenye chombo kimoja, mwenye mwiko akitangulia, na chombo hakishuki chini kabla hakijaisha. Alikwisha kujaza gobele yake ya bati. Nikamwambia daktari anataka kidogo, tena polepole, gobele ile ingenichukua mpaka jioni. Akasema mila haifunguliwi nusu. Tulikaa tukiangaliana, yeye na mila yake, mimi na ndizi yangu tumboni. Kisha akanyanyuka, akachukua termosi iliyokuwa kwenye rafu, akazungusha kifuniko, akakipangusa kwa kitenge. Akamimina humo kahawa nyepesi, akaniwekea mkononi.

Nilikunywa mafunda madogo madogo, nikingoja kila moja litulie. Ilikuwa chungu, haina sukari, na sijapata kunywa kitu kitamu kama hicho. Mama hakuondoa macho kwenye koo langu. Nilipofika nusu tumbo likasema basi. Akapokea kifuniko bila kukishusha, akanywa nusu yake, akafumba macho muda mrefu.

Ndivyo tunavyokunywa hadi leo, kifuniko kimoja asubuhi, nusu yangu na nusu yake, saa nzima kabla ya chakula. Gobele ya bati ameiwekea mbegu za mboga. Mgeni akinimiminia kikombe kizima, Mama humwambia kwa upole, "Huyu hunywa na miye." Magoti yangu yamerudi, napanda shambani bila kupumzika, na vitenge sasa tunaazimana bila mtu kuchekwa.

Siku iliyofuata ile ya kifuniko nilichelewa kuamka. Nilikuwa bado kitandani, kitanda kilekile, niliposikia nyayo zake zinasimama nje ya mlango wa chumba. Hakukohoa. Nikasikia kifuniko kikigusa ubao wa mlango kidogo.

"Uko?" akauliza.

Nikasema, "Niko, Mama."