Mayai Tisa mu Blauzi ya Madame

Hii habari nawaambia juu nyinyi ni watu wangu, na juu najua nikinyamaza mutaisikia kwa wengine yenye kutiwa chumvi, basi afazali muisikie kwangu mie mwenye haya yangu, Madame Furaha wa kalasi ya saba, ule mwenye siku hizi nikipita ku barabara ya Kashebere wamotari, wale wa pikipiki za abiria, wanapunguza mwendo na kuniuliza kwa heshima yote kama watoto wamelala vizuri.

Nilikuwa mugeni kabisa. Kwetu ni Muheto, kule Masisi, kwa wazazi wangu wa maharagi na muhogo, na hapa Kashebere nilipewa kalasi ya saba kwa kujaribiwa mwezi moja tu: mwisho wa mwezi inspecteur, mukaguzi wa shule, atakuja, akiniandikia "bon", ni kusema vizuri, nabakia, akiandika kitu chini ya pale narudi Muheto kushika jembe pembeni ya mama yangu (mama ananipenda sana, jembe njo halinipendi). Préfet wetu, mukubwa wa shule, muzee mwembamba mwenye kusema pole pole, hakunificha kitu. Aliniambia: "Madame, mie sina shida na wewe. Lakini karatasi ya inspecteur njo itasema."

Sasa ule mwezi wakubwa wa shule walitaka masomo yote yashikane, hesabu na français na sciences na géographie, visikae tena kama majirani wenye hawasalimiane. Kila mwalimu achague kitu kimoja na watoto wajifunze vyote kupitia kile kitu. Mwenzangu wa kalasi ya nane alichagua barabara. Mie mwenye akili nyingi nikachagua kuku. Na si kuku ya kuchora ku tablo, apana, nilitaka kuku ya kweli yenye kulalia mayai, nikaenda kuiazima kwa Mama Riziki, mwenye nyumba yangu, akanipa ndani ya kitunga na mayai yake tisa na neno moja tu: "Dada, irudi na roho yake."

Na kweli, niseme bila kujisifu (ao nijisifu kidogo, leo sina kingine cha kujisifia), ule mwezi ulikuwa mutamu. Kitunga kilikaa ku kona ya kalasi. Watoto makumi ine na tano wenye préfet aliniambia ni wa fujo walinyamaza wenyewe, juu niliwaambia mama mwenye kulalia hapigiwi kelele, na hiyo tukaiandika ku éducation civique, somo la adabu. Ku hesabu tulihesabu siku makumi mbili na moja na tukagawanya mayai tisa kwa kila namna. Ku français tulifanya dictée ya kuku, mie nasoma wao wanaandika, mpaka hata wale wa nyuma wakaandika "la poule couve", kuku inalalia, bila kukosa. Ku géographie tulifuata njia yenye makuku yanapitia kutoka Pinga, kichwa chini ku usukani wa pikipiki, mpaka ku soko. Na Espérance, mutoto mwembamba wa benchi ya mbele mwenye kuuliza mpaka kichwa kikuume, njo aliyehesabu na kugundua kama siku ya makumi mbili na moja itaanguka siku ile ile ya inspecteur. Usingizi nilikuwa sipati kwa furaha. Nilijiona nasimama mbele ya ule bwana, mayai yanapasuka moja moja, naye anaandika "bon" mpaka kalamu inaisha wino.

Siku ikafika, na asubuhi mayai matano yalikuwa tayari na katundu kadogo. Ukiweka sikio unasikia mutu anagonga ndani. Njo pale nilifanya kile kitu kidogo chenye kiliniua. Kuku yenye kulalia, kama hamujui, inajizuia siku nzima na kiisha inajisaidia mara moja, na ile mara moja (mutanisamehe, lakini ni sciences) si kitu cha kuweka mbele ya mukubwa. Nikasema afazali ile kazi imalizikie inje mbele inspecteur hajafika. Nikaifunga kamba ku muguu, nikaifunga ku nguzo ya mulango, nikaimwagia mahindi, nikafunika mayai na kitambaa, nikaenda kunawa mikono. Dakika tano, haikupita.

Niliporudi, kamba hakuna, kuku hakuna, na ku uwanja wazazi wote wamesimama, inspecteur amefika na koti yake ya kijivu, na mbele yake Papa Bauma, mukubwa wa komite ya wazazi, anasoma discours, hotuba ya kumupokea. Mu mikono ya Papa Bauma, kuku yangu.

Munajua vile iko kwetu. Mugeni mukubwa hapokelewi mikono mitupu, na kuku yenye komite walichanga ilikuwa bado ku barabara, pikipiki imekwama mu matope. Papa Bauma alikuwa anazunguka na aibu yake tangu asubuhi, kiisha anaona ku mulango wa kalasi kuku nene, kamba ku muguu, siku ya inspecteur. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Aliniona nikikimbia, akanitolea tabasamu ya shukrani mpaka machozi kidogo, akasema mbele ya watu wote: "Na hata mugeni wetu Madame wa Muheto alitukumbuka wazazi, Mungu amubariki." Watu wakapiga makofi. Inspecteur akapokea kuku na mikono mbili.

Kuku yenye imetolewa mbele ya watu hairudishwe. Ningesema nini? Papa inspecteur, samahani, hiyo ni kitabu yangu ya sciences? Papa Bauma angekufa pale pale, na wazazi wote pamoja naye, na mie ningerudi Muheto jua halijafika katikati. Nikainama, nikapiga makofi kama wengine, ndani ya moyo nikalia.

Nikaingia mu kalasi mbio. Mvua ya asubuhi iliacha baridi yenye kuingia ku mifupa, na mayai chini ya kitambaa yalikuwa yameanza kupoa. Watoto wananiangalia. Espérance akasema pole pole: "Madame, bakipata baridi sasa, batakufa ndani." Na kweli watakufa, mwezi wetu muzima utakufa nao, na mie nitasimama mbele ya karatasi ya inspecteur na mayai tisa ya maiti. Nikachukua kikwembe, kitenge cha kubebea mutoto, nikafunga mayai yote ku tumbo langu, juu ya ngozi kabisa, nikashusha blauzi juu yake. Moto wa mutu na moto wa kuku si mbali sana (tulikuwa tumepima, ku hesabu). Nikawaambia watoto: "Hamukuona kitu." Wakajibu bote pamoja: "Ndiyo, Madame."

Inspecteur akaingia na préfet na Papa Bauma, na wazazi wakajaza madirisha. Kuku wakaifunga ku sakosi ya inspecteur, ule mufuko wake wa makaratasi, chini ya kiti chake. Préfet aliniangalia usoni, kiisha tumboni, kiisha usoni tena. Dakika kumi zenye zilipita nilimusalimia ku uwanja nikiwa bapa kama ubao. Muzee wa watu alikunja uso kama mwenye kufanya hesabu ya kutoa yenye haitoki.

Mie nikaanza somo. Nafundisha kama mwenye kubeba maji ya kujaa ku kichwa, sigeuki haraka, siinami, kreyo yangu ya kuandikia ikianguka naiangalia tu. Na inspecteur, shida yake, alikuwa mutu muzuri. Angekuwa mukali ningepona. Alisimamisha kalamu, akasema: "Madame, mu hali yako haufai kusimama. Mutafutie kiti."

"Aksanti Papa inspecteur, niko sawa."

"Apana, apana. Na mie niko na mabinti. Keti."

Préfet mwenyewe akaleta kiti. Nifanye nini? Nikajishusha mpaka karibu, nikasimamia hapo, matako hewani, mapaja yanatetemeka, uso unacheka. Somo nzima nilifundisha vile. Wenye mulishapalilia maharagi ya mulima wa Muheto mwezi muzima munajua kuinama, lakini ile ilipita.

Inspecteur akaniuliza kwa sauti ya baba: "Na tumbo ni la wakati gani sasa?"

Kichwa changu kilikuwa na hesabu moja tu tangu mwezi muzima. Mudomo ukajibu wenyewe: "Siku makumi mbili na moja."

Ku madirisha vichwa vikasogea. Inspecteur akaangalia tumbo. "Siku makumi mbili na moja," akasema, "na tumbo iko kubwa tayari hivi?"

Mama mumoja wa chorale ya kanisa ku dirisha akashika mudomo. Mie sijaolewa, wenzangu, hata muchumba wa kusingizia sina. Nikaona kabisa ile habari ikitoka ku dirisha, ikipanda pikipiki, ikienda Muheto kwa mama yangu. Nilitamani sakafu ya udongo ifunguke, lakini sakafu ya kalasi yetu inafunguka tu wakati wa mvua.

Na hapo tumbo langu likasema: piu.

Préfet akavua miwani. Tumbo likasema tena, piu piu, na kitu chenye maji maji kikanitembea karibu na kitovu, nikaruka kidogo na kucheka bila kupenda juu kilikuwa kinanitekenya. Chini ya kiti, kuku ikasikia watoto wake. Ikajibu. Kiisha ikatoka mbio na kamba yake na sakosi ya inspecteur nyuma, makaratasi ya serikali yanamwagika kalasi nzima, ikanirukia ku magoti na kunidonoa blauzi kama mwenye kugonga mulango wa mwizi.

Nikafungua. Ningefanya nini kingine? Nilisimama, nikageukia ukuta, nikaingiza mukono, nikatoa vitu vyangu mu kikwembe, nikaviweka ku kitunga mbele ya watu bote: vifaranga vitatu vyenye kulowa na mayai yenye kutundu tundu. Kuku ikaketi juu yao na kunigeuzia mugongo.

Nikangoja kicheko. Hakikukuja. Watoto wangu makumi ine na tano, wa fujo, walikuwa wamefungua makaye, daftari zao. Kimya, kama kila asubuhi ya ule mwezi, wanaandika tarehe, saa, na kile wameona. Inspecteur akapita benchi kwa benchi kusoma. Akamuuliza Espérance kwa nini vilipiga kelele, akajibiwa mambo ya hewa ya ndani ya yai, ya mudomo, ya moto, bila kusita. Akauliza nyuma kabisa, vitatu mu tisa ni nini. "Moja ya tatu, Papa inspecteur." Akadai sentensi moja ya français, mikono makumi ine na tano ikapanda, na ule mutoto alichagua akasema "la poule a retrouvé ses petits", kuku imepata tena watoto wake, neno lenye hata sikumufundisha. Hapo machozi yakanitoka mie mwenyewe, na siyafichi.

Inspecteur aliokota karatasi yake chini, akapanguza alama ya muguu wa kuku, akaandika mbele ya bote. "Bon," akasoma. "Abakie ku kalasi ya saba." Ku madirisha vigelegele, Papa Bauma anamukumbatia préfet, na inspecteur ananigeukia na tabasamu: "Sasa, Madame, hakuna tena sababu. Keti."

Mapaja yangu yalikuwa yamekufa. Nikaketi kwa uzito wote, na roho nyeupe.

Wakati ule ule Espérance, mwenye alikuwa amechungulia kitungani, akasema: "Madame, hapa ni nane tu."

La tisa lilikuwa limeteleza nyuma, ndani ya kikwembe. Na lilikuwa viza. Halikufanya kelele kubwa, pff tu, lakini ile harufu sijui niielezee namna gani kwa watu wenye bado hawajakula. Kalasi yangu ya nidhamu ilitoka kwa madirisha. Wazazi walikuwa mbele yao. Inspecteur alifika ku pikipiki yake bila sakosi, na Papa Bauma alimukimbiza mpaka ku barabara na kuku mukononi, anaita: "Papa inspecteur, zawadi yako!" Kule mbali tulisikia jibu: "Ibakie na batoto yake!" Njo vile Mama Riziki alirudishiwa kuku yake na roho yake, na vifaranga vinane juu, kiisha mayai matano ya mwisho kupasuka.

Nilibakia peke yangu ku kiti, naogopa kusimama, naogopa kukaa. Préfet alirudi mpaka ku mulango, kitambaa ku pua.

"Madame," akasema, "karatasi imesema. Wewe ni mwalimu wetu."

"Aksanti, Préfet."

"Lakini ukuje kesho."

Mu njia ya kurudi simu ikalia, mama yangu wa Muheto, pikipiki ilishafika. Hakusalimu. "Furaha, baba yake ni nani?" Nikamwambia mama, yalikuwa mayai. Nikasikia anaketi. "Ya nani?"

Nimekoma. Mwezi huu tunajifunza kupitia maharagi, yanakaa ku mufuko yake, hayaazimwi kwa mutu, na mugeni akija kesho, mwenye kumupa zawadi amupe kile anataka. Lakini mie, fasi yoyote, hata ku kanisa mbele ya pasta, siketi tena bila kupapasa kwanza.