Malkia Niliyemwacha Chini ya Zege

Naanza kwa kukiri ili msinikatishe baadaye: niliaibika, tena mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya mdogo wangu na mbele ya majirani wenye mabeseni, na sina wa kumsingizia. Watu wa Heru Juu wameisimulia habari hii mpaka imefika sokoni Kasulu ninapouza spea za pikipiki, na kila mmoja anatia chumvi yake (kuna mteja amenisimulia mimi mwenyewe, hajui kwamba ndiye mimi), kwa hiyo nimeona niiseme ilivyokuwa.

Wazazi wetu walituachia nyumba Heru Juu, mimi na mdogo wangu Devota. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati limeanza kushika kutu, choo kiko nje, na ubavuni mwa chumba walicholala wazazi palikuwa na kichuguu kikubwa kunizidi kimo. Devota ni mjane, anaishi Kibondo na watoto wake watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga, na alikuwa amepata kiwanja kule Murungu, mwenye kiwanja akiwa mtu muungwana aliyekubali kumshikia mpaka Krismasi. Tukiuza nyumba, fungu lake linanunua kile kiwanja na kusimamisha vyumba viwili. Mambo yote yalikuwa hayo tu, mengine yaliyofuata ni ujinga wangu.

Mnunuzi tulimpata mapema, mwezi wa sita, bila hata kuhangaika. Nesi Koleta, mama mstaafu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, amekulia kambini, akapata uraia, akauguza watu miaka mingi huku akilala kwenye nyumba za zahanati, na sasa alitaka kwa mara ya kwanza alale kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kumwambia ahame. Alizunguka uwanjani taratibu, akakipapasa kile kichuguu kwa kiganja, akasema, "Naichukua hivi ilivyo."

Mtu mwenye akili angetafuta kalamu. Mimi nilikuwa nimeshasikia maneno ya dalali mmoja wa mjini, kwamba nyumba isiyo na masta siku hizi haina bei, lakini ukiongeza chumba cha masta chenye choo chake ndani, ukaweka marumaru na jipsamu, bei inapanda mpaka unajishangaa, basi nikamwambia Nesi Koleta atupe muda kidogo tuirekebishe, kwa faida yake (ndivyo nilivyosema, kwa faida yake). Akakubali kusubiri mpaka mvua, maana zahanati ilikuwa haijamtoa bado kwenye nyumba yake. Devota alinipigia simu jioni ile akasema, "Kaka, mtu keshasema anaichukua." Nikamjibu aniachie mimi, mambo ya ujenzi yana wenyewe. Akaniachia.

Fundi wangu aliitwa Yoramu, mtu wa maneno machache. Masta ilibidi itokeze pale pale penye kichuguu, hapakuwa na upande mwingine. Yoramu akakizunguka, akachomeka sululu, akasema, "Bosi, hiki tukichimbe mpaka tumpate malkia. Siku tatu, labda nne. Tusipomtoa tutakuwa tumejenga juu ya nyumba ya watu." Nami saruji imeshafika, vibarua wamesimama wananitazama, na nilikuwa na haraka ya mtu anayejiona tajiri kabla ya wakati. Nikamwambia asawazishe, ashindilie, amwage zege, malkia atakufa mwenyewe kwa kukosa hewa. Nililisema kwa sauti ya mtu aliyesomea mambo hayo, na wala sikuwahi kuyasomea popote.

Siku hiyo hiyo akapita jirani yetu Mama Salome, jembe begani, akasimama kuangalia kichuguu kinavyoangushwa. Akaniuliza, "Mwananje, na iswa tutaokota wapi?" Mwananje ni mwanangu, na iswa ndio kumbikumbi, tunavyosema sisi. Kile kichuguu kilijulikana, kumbikumbi wake walikuwa wakiruka mchana mvua kubwa ya kwanza inapokatika, na baba hakuwahi kumfukuza mtu, kila jirani alikuja na chombo chake akaokota akaenda kukaanga. Nilimwambia Mama Salome mambo yamebadilika, wanunue nyama. Akaendelea na safari yake ya shamba.

Nyumba ilipendeza, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Marumaru nyeupe, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, choo cha kukaa, mimi mwenyewe nilikuwa navua viatu mlangoni kama naingia kanisani. Ila mwezi wa tisa nikaona mstari wa udongo mwembamba pale marumaru zinapokutana na ukuta. Nikaufuta kwa kitambaa. Baada ya siku mbili umerudi, na mwenzake. Nikafuta, nikamwaga dawa ya mchwa kwenye kona, nikapaka rangi mara ya pili, na sikumwambia Devota wala mtu yeyote.

Siku ya kuandikishana Devota alitoka Kibondo na basi la asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwenyekiti alikuja na muhuri wake, na Yoramu nilimwita ili aelezee kazi aliyoifanya. Nesi Koleta alikuwa amekubali bei mpya, kiinua mgongo chote na nyongeza kutoka kwa kaka yake. Tulimtembeza chumba kwa chumba, na tulipofika masta akagonga marumaru kwa ncha ya kiatu, akageuka akaniuliza, "Hapa ndipo palipokuwa na kichuguu. Malkia mlimtoa?"

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema hapana, neno lenyewe fupi. Nikasema, "Tulimtoa, mama. Mkubwa hivi," nikamwonyesha kidole changu cha kati, kisha kwa kuwa uongo ukishaanza unataka mapambo, nikaongeza, "nikampa kuku akamla." Yoramu akatazama viatu vyake. Devota akanitazama kwa furaha, ile furaha ya mtu anayeona kaka yake ni mtu wa kutegemewa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoyasema.

Mvua ikashuka. Ilipiga bati mpaka ikawa hatusikilizani, tukakaa sebuleni mwenyekiti akijaza karatasi, Nesi Koleta ameshika kalamu mkononi anasubiri aonyeshwe pa kutia saini. Ikakatika ghafla, jua likatoka, na katika ule ukimya tukasikia mchakacho kutoka masta, kama mtu anasugua magazeti. Nesi Koleta akainuka, kalamu bado mkononi, akafungua mlango.

Jamani, walikuwa wanatoka kila mahali. Walitoka kwenye mshono wa marumaru na ukuta, walitoka pembeni ya bomba la choo, wengine walikuwa wameshafika kwenye taa za kujificha, dirisha limejaa mabawa hata nje huoni. Nikasema, "Ni wadudu wa mvua tu hawa, wameingia kutoka nje" (dirisha limefungwa, mlango ulikuwa umefungwa, na wao wanachomoka chini mbele ya macho ya watu). Kabla sijamaliza nikasikia hodi ya watu wengi. Mama Salome alikuwa mbele, nyuma yake wanawake sita saba na mabeseni na ndoo, wameiona mvua ikikatika wakaja kama walivyokuja miaka yote, wakakuta uwanjani hakuna kitu ila madirishani wanawaona.

Nikasimama mlangoni pa masta nimetanua mikono kama golikipa, nikawaambia hapa ni chumbani, hawawezi kuingia. Mama Salome akasema taratibu, "Sisi tumekuja palepale. Wewe ndiye umepaleta ndani." Akapita chini ya kwapa langu. Wakaingia wote, miguu yenye tope kwenye marumaru nyeupe, nami nikakamata ufagio niwasukume, sijui kumbikumbi sijui majirani, nikateleza kwenye mabawa nikaketi chini kwa kishindo katikati yao. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha, kwa sababu alimwona Devota.

Nesi Koleta hakuwa amesogea. Alingoja mpaka nimeinuka, nina mabawa mpaka kwenye nywele, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, ile wanayotumia wodini, "Baba, ni kuku gani uliyempa?"

Yoramu ndiye aliyesema, "Mama, hatukuchimba."

Akafunika kalamu yake, akaiweka mkobani. Akasema, "Mwezi wa sita ningeinunua na kichuguu chake. Hata leo ungeniambia hamkumtoa, tungemtafuta wote. Sasa sijui ukutani kuna nini kingine." Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alimshika Devota mikono yote miwili akamwambia pole, mimi akanipita, akatoka akikwepa mabeseni. Mwenyekiti akakusanya karatasi, akazikung'uta mabawa, akaondoka na muhuri wake. Devota alikaa kwenye kiti mpaka wale wanawake walipomaliza kuokota, halafu akachukua ufagio niliouangusha, akaanza kufagia.

Hakuna mnunuzi mwingine aliyekuja, habari zilimtangulia kila mmoja. Tulivunja zile marumaru mimi na Yoramu, tukachimba, na malkia tulimpata siku ya pili. Siku mbili tu, hata zile tatu alizoniomba hazikufika. Krismasi ikapita. Mwaka mpya nilikwenda Murungu kumwomba mwenye kiwanja atuongezee muda, nikakuta mtu mwingine ameshachimba msingi, mawe yamepangwa, na mwenye kiwanja akaniambia kwa upole kwamba alisubiri mpaka tarehe waliyokubaliana.

Kutoka pale nikaenda Kibondo kwa Devota. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasema yote mlangoni pake, kwamba alinionya, kwamba nyumba ilikuwa imeshauzwa nikaichukua kutoka mikononi mwake, na kwamba nilidanganya akiwa anaona fahari juu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekula. Akapakua, tukaketi nje kwenye kizingiti, sahani magotini, kwa sababu ndani watoto walikuwa wanasoma juu ya kitanda na hapakuwa na mahali pengine pa kuweka mguu.

Pale pale nikamwahidi kwamba atakayekuja kuiangalia ile nyumba nitamwambia kila kitu, hata asichoniuliza, na akisema anaichukua ilivyo sitafungua tena mdomo wangu. Devota akaitikia kwa kichwa. "Sawa, kaka," akasema, "kula, ugali unapoa."