Nyasi za Ng'ambo ya Kijito

Shangazi yangu hupiga dawa msituni. Watu wakisikia hivyo hudhani anaua mbu, naye huwasahihisha bila kuchoka: anaua nyasi.

"Kwani nyasi zimekukosea nini?" huulizwa.

"Mimi? Hata kidogo. Iulize miti."

Nyasi hizo ni ngeni. Haziogopi kivuli kama nyasi nyingine. Huota chini ya miti mikubwa, laini, kijani cha kupendeza, zikifanana na mianzi ya kitoto. Zikishatandika mkeka wao, mche wa mti hauinui kichwa, na msitu unabaki wa wazee watupu. Mwaka ukiisha zinakufa zenyewe, lakini zimeshaacha mbegu ardhini, na mbegu hizo zina subira kuliko binadamu. Kwa hiyo kila mwaka mvua zinapoanza, shangazi hubeba pampu mgongoni na kuziwahi kabla hazijachanua. Dawa yake huua nyasi na kuiacha miche ya miti, mradi kipimo kisizidi na mkono usiwe na pupa. Hutia rangi ya buluu kwenye dawa ili aone alikopita, na vidole vyake, hata kwa glavu, havijawahi kutakata kabisa.

Kijito kinaugawa msitu. Upande wa chini umevamiwa. Upande wa juu ulikuwa safi, na usafi huo shangazi aliuhesabu kuwa kazi ya maisha yake, ingawa hakupenda kulisema jambo kubwa namna hiyo. Nilikuwa likizo kwake siku aliyorudi amenuna, akaitua pampu mlangoni.

"Zimevuka," alisema.

Alikuwa ameziona pembeni mwa njia ya juu, vijichipukizi tu. Wanaoitumia njia hiyo ni wanawake wanaookota kuni, nao hawana mahali pengine karibu. Tayari alishapita ofisini na kumwambia bwana msitu kwamba mbegu zimeletwa na mizigo yao. Bwana msitu, mtu mpole asiyependa kukata jambo haraka, safari hii alikata: kuanzia Jumatatu daraja la miti la kuvukia kijito lingefungwa.

Jioni ile Mama Pacha, jirani yetu na kiongozi wa waokota kuni, aliingia jikoni bila kupiga hodi. Akavuta kigoda.

"Dada, tumesikia sisi ndio wakulima wa nyasi zako."

"Sikusema mnalima. Nilisema zimepita na mizigo yenu."

"Mizigo yetu inateremka. Umewahi kumwona mtu akipanda mlima na kuni?"

Shangazi aliendelea kukoroga sufuria iliyokwisha kuiva.

"Haya, nyamaza," alisema Mama Pacha akiinuka. "Jumatatu nitakuja kupikia kwako. Nina watoto wawili wawili, ujue. Tandika mkeka mkubwa."

Asubuhi shangazi alinitaka nimsindikize. Tulivuka daraja, tukaifuata njia. Pembeni mwake nyasi zilikuwa moja moja, kama nywele za mtoto mchanga. Lakini kadiri tulivyolikaribia gogo lililolala kwenye kivuli kizito, mbali kidogo na njia, zilizidi kusongamana. Kulizunguka gogo lenyewe zilikuwa zulia.

"Hapa waokota kuni hawafiki," nilisema. "Hakuna kuni."

"Hapa nafika mimi."

Alikaa kwenye gogo. Kwa misimu mingi, akimaliza kupiga dawa upande wa chini, alikuwa akipanda huku kula chakula cha mchana, kwa sababu kule kunanuka dawa na huku kuna ubaridi. Kila mara alivua buti, akazikung'uta mchanga, akanyoosha miguu. Sasa aliinama, akalifumua kwa kucha pindo la suruali yake ya kazi, pindo alilolishona mwenyewe kwa kuwa suruali ilikuja ndefu. Ndani mlikuwa na tope kavu, na kwenye tope mbegu nyembamba, za rangi ya majani makavu. Alizimimina kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Tulikwenda moja kwa moja ofisini. Bwana msitu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeweza kuzing'oa kimyakimya, mama. Nani angejua?"

"Mama Pacha anajua hakufanya."

Bwana msitu alitikisa kichwa polepole, kisha akainua mguu na kuchungulia soli ya kiatu chake. "Na mimi nilipita huko juzi," alisema. Daraja halikufungwa. Likawekwa brashi ya kusugulia viatu, na utaratibu ukageuzwa: kazi ianzie upande safi na kuishia kwenye uchafu, kamwe si kinyume chake.

Jioni shangazi alikwenda uani kwa Mama Pacha, akalikiri kosa lake mbele ya wanawake wote waliokuwapo.

"Ama kweli, kikulacho ki..." alianza Mama Pacha.

"Usimalize. Nimeshajiambia njia nzima."

Mmoja alicheka, wengine wakatazama mikono yao. Hakuna aliyemkaribisha akae.

Wiki mbili zilizofuata walimsalimia kwa neno moja na kupita. Shangazi hakulalamika. Alipiga dawa ng'ambo ya juu, kipimo chepesi, akizungusha mkono kwenye kila mche. Nyasi zikageuka rangi, kwanza kwenye vifundo, halafu zote. Miche ilibaki imesimama katikati ya manjano. Mbegu zilizosalia ardhini zitaota tena mwakani, naye hadanganyiki kuhusu hilo.

Asubuhi moja, shangazi akijaza pampu, Mama Pacha alisimama barabarani na kamba yake ya kuni begani. Nyuma yake wenzake walisimama pia.

"Dada, leo unapiga dawa wapi, tusije tukakanyaga mbichi?"

Shangazi aliiweka ndoo chini. "Chini, mpaka penye jabali," alisema. "Pandeni tu juu. Juu kumeshakauka."