Chupa ya Pili ya Ngalula

Mwaka wa hamsini na sita, katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi wa Musonoi, wagonjwa wa sukari walikuwa watano, na kila alfajiri wote watano walibeba chupa za mkojo hadi zahanati ya kampuni. Muuguzi Séraphin aliuchanganya mkojo na dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, kisha akatazama rangi. Ikibaki buluu, sukari hakuna. Ikiwa nyekundu kama tofali, sindano ya kushusha sukari inaongezwa. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa chumvi ya shaba. Badibanga, mume wa Ngalula, aliichimba shaba siku sita kwa juma, na hakuna aliyejisumbua kumweleza kwamba ndiyo inayompimia mkewe uhai.

Ngalula, mzaliwa wa Kasai na mama wa watoto wanne, alifundishwa na shule ya misheni kusoma kidogo, kushona na kupiga pasi. Ikaonekana hayo yanamtosha mwanamke mweusi. Kuangalia, hata hivyo, hakuna aliyemkataza. Aliangalia kwa miezi, akagundua jambo ambalo wenye diploma walikuwa wamelipita. Kwa watu wa mtaa ule, mtu wa heshima hapelekewi chombo nusu. Kwa hiyo wagonjwa walikusanya mkojo tangu wanapolala, ili chupa ifike imejaa hadi shingoni, na Séraphin aliipenda sana heshima hiyo. Lakini chupa iliyojaa ilisimulia habari za usiku uliopita, ilhali sindano ilichomwa kwenye mwili wa asubuhi. Mwezi wa Machi chupa yake ilitoka nyekundu, akaongezewa dawa, sukari ikashuka mno, akaanguka bombani. Wanawe wakamlilia kama maiti.

Ikaja siku moja ya Juni. Jana yake Ngalula alikuwa amekula bukari nyingi, ule ugali wa kwao, kwenye msiba wa jirani. Aliamka midomo ikimtetemeka, jasho likimtoka katika baridi ya kiangazi.

"Tofali, mama," alisema Séraphin akiinua neli ya kioo. "Leo tunaongeza."

"Apana, tata. Mi natetemeka. Ile ni mukojo ya jana. Unipe nusu saa, nilete ingine."

Daktari wa kizungu, munganga kwa lugha ya mtaa, alisikia, akatoka chumbani kwake.

"We njo munganga? Ukikatala sindano, jina yako inatoka mu kitabu. Usirudie tena hapa."

Ngalula alielewa vizuri. Nje ya kitabu kile cha wagonjwa, mke wa mchimbaji hakuwa na pengine pa kupata dawa hiyo. Kufutwa kulikuwa kufa polepole. Kukubali kulikuwa kufa kabla ya mchana.

"Chupa ya pili ikiwa nyekundu, munganga, unifute. Mi mwenyewe nitakushikia kalamu."

Daktari alitazama saa yake. "Nusu saa."

Alikwenda chooni akamaliza mkojo uliobaki, akanywa vikombe viwili vya maji, akaketi akiegemea ukuta. Katika pindo la kikwembe alichojifunga kulikuwa na ndizi mbivu. Mwili wote uliililia. Hakuigusa, wasije wakasema amechezea kipimo. Alipotoka chooni mara ya pili, chupa ilikuwa na mkojo wa kimo cha vidole viwili tu. Mama Tshilombo, muuza sombe, yale majani ya muhogo, na mgonjwa mwenzake, aliichungulia.

"Ngalula! Ile ingine ulikunywa mu njia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ngalula naye akacheka, meno yakigongana.

Séraphin alichemsha. Buluu. Akachemsha tena, daktari akiwa amesimama begani pake. Ikabaki buluu ileile iliyotoka kabatini. Hapo Ngalula akamenya ndizi yake, akaila mbele ya daktari bila kuomba ruhusa.

Daktari alikivuta kitabu cha wagonjwa. Alipunguza dozi, akaondoka. Jumatatu tangazo likabandikwa mlangoni: kila mgonjwa atatoa chupa mbili, ya pili baada ya nusu saa, hata ikiwa kidogo. Chini yake palikuwa na sahihi ya daktari, kana kwamba fikra ile ilizaliwa kwenye kalamu yake.

Mama Tshilombo alilikazia macho tangazo hilo, hasira zikimpanda.

"Jina yako iko wapi hapa?"

"Iko mu kitabu," alisema Ngalula, akaingia ndani na chupa yake, nusu tupu.