Ngazi ya Verlin Pospisil

Verlin Pospisil alikuwa na ngazi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipanda. Taa za ukumbi wa michezo alizibadilisha kwa ngazi nyingine, ya bati, iliyopinda mguu mmoja, akaanguka nayo mara nyingi hadi mkewe Albina akaacha kuuliza kama amepona. Ile ya mbao ilikaa chumba cha mifagio, imepigwa vanishi, na ukiigusa tu ulisikia sauti nyuma yako: "Hiyo iache."

Aliiunda mwenyewe mwaka 1981, Chuo cha Vesely kilipong'oa mabenchi ya zamani ya mashabiki. Mbao zilizokaliwa na nusu ya mji kwa miaka arobaini, alisema, haziwezi kuishia kuwa kuni. Yeye alikuwa mtunza ukumbi, mtu wa ufagio na funguo, na mjini Vesely, Kansas, msimu wa baridi hauna habari nyingine ila wasichana wa chuo na mpira wao wa kikapu. Ngazi ilikuwa ya siku moja tu: siku wasichana hao watakapotwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo, wapande mmoja mmoja na mkasi, kila mtu akate kipande chake cha wavu wa kikapu kiwe kumbukumbu, kama mabingwa wa Marekani wanavyofanya. Miaka kumi na minne ikapita. Chini ya vidato, kuanzia cha chini kabisa, Verlin aliandika kwa penseli jinsi kila safari ilivyokwisha. "1984, robo fainali, pointi tisa." "1990, nusu fainali, pointi mbili, refa kipofu."

Na ngazi haikutajwa. Ukiitaja kabla ya kipenga cha mwisho, umeiloga timu yako mwenyewe. Kila timu ilipofuzu, Verlin aliifunga nyuma ya pikapu, akaifunika turubai, akalifuata basi la wachezaji, na watu wazima na akili zao, kocha akiwa wa kwanza, walijifanya hawaoni kitu chenye urefu wa futi nane.

Machi 1995 wakafika fainali, huko Iowa. Kwenye maegesho, shabiki mmoja wa Dunmore Falls, wapinzani wao, aliizunguka pikapu huku amepaka uso rangi ya zambarau.

"Mzee, umekuja kupaka nyumba rangi?"

"Nimekuja kuangalia mpira."

"Na chini ya turubai kuna nini?"

"Upepo," Verlin alisema.

Albina alicheka mpaka sinia la kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, likatikisika mapajani mwake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kumtoa mtu roho. Hadi mapumziko Vesely walikuwa nyuma pointi kumi na mbili, na watu wa zambarau wameshaanza kuimba. Kisha Janelle Kubicek akaamka. Binti huyu wa fundi matrekta, mwaka wa tatu chuoni, Verlin alimjua kuliko wote, maana ndiye aliyemfungulia ukumbi kila asubuhi kabla jua halijatoka. Yeye akitupa mpira, mzee akifagia kumzunguka, wakitaniana. "Ukikosa, unaniongezea kazi," humwambia, na Janelle humjibu, "Fagia, mzee, mshahara wako ni huo."

Sasa Janelle aliiba mpira, akafunga. Akaiba tena. Pointi kumi na mbili zikawa saba, saba zikawa tatu, na sekunde arobaini kabla ya mwisho Vesely wakapita mbele kwa moja. Upande wao wote ulisimama. Albina, mwanamke asiyepiga kelele hata kanisani, alikuwa ameng'ata skafu yake.

Hapo ndipo miguu ya Verlin ilipomsaliti. Aliinuka, akashika ngazi za jukwaa kuelekea mlangoni, funguo za pikapu mkononi. Alikuwa amefika mstari wa tatu Albina alipomkamata mkanda.

"Unakwenda wapi?"

Verlin aliziangalia funguo kana kwamba kaziokota. Alirudi, akaketi, lakini kilichofanyika kimefanyika: alikuwa ameifuata ngazi kabla ya kipenga.

Dunmore Falls walifunga zikibaki sekunde sita. Janelle akapokea mpira, akawapita wawili, akaruka. Mpira ulizunguka ringi mara mbili, ukasita, ukatoka nje. Sitini na moja kwa sitini.

Verlin alifunika uso kwa kofia. Alijua nani wa kulaumiwa, na si yule mtoto.

Alipoiondoa, aliona jambo la ajabu. Watu wa zambarau walikuwa wamejazana chini ya wavu, mkasi upo, ngazi haipo. Ya ukumbi imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo haonekani. Msichana mmoja alikuwa amempanda mwenzake mabegani, wote wawili wanayumba, na kocha wao anawafokea washuke kabla hawajavunja shingo.

"Mtu wa funguo anaondokaje kabla ya kipenga?" Verlin alisema kwa uchungu wa kweli. Kisha akamgeukia mkewe.

"Usinitazame mimi," Albina alisema. "Chombo ni chako."

Miaka kumi na minne. Aliwatazama wale wasichana wanavyocheka na kulia, na akakumbuka kwamba mbao zile hazijawahi kuchagua nani azikalie. Akatoka nje.

Alirudi na ngazi begani, mbele ya macho ya upande wote wa Vesely. Yule shabiki wa rangi usoni alimpokea mguu mmoja wa ngazi.

"Kumbe upepo una vidato."

"Shika vizuri, acha maneno," Verlin alisema.

Walipanda kumi na wanne, kocha wa mwisho. Verlin aliishika muda wote, masikio wazi, akisubiri mlio wa ufa. Haikulia, haikuyumba. Aliona uchungu, na juu ya uchungu, Mungu amsamehe, aliona fahari.

Watu walipopungua, alianza kuikunja. Sauti ikatoka nyuma yake.

"Hiyo iache."

Ni Janelle, macho mekundu, nywele bado zimelowa jasho. Verlin hakuweza kumtazama.

"Mwanangu, ni mimi niliyewaharibia. Nilisimama mapema."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilipokuona unakwenda mlangoni nikajiambia, mzee ameshaifuata ngazi, basi kumbe inawezekana. Ndiyo maana nikapiga mwenyewe, sikutoa pasi." Alifuta pua kwa mkono wa fulana. "Nimekuongezea kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Vesely kuitaja ngazi mbele yake, na paa halikuanguka.

Janelle alipanda, viatu bado miguuni, hadi kichwa chake kikafika usawa wa ringi. Wavu haukuwepo tena. Alikishika chuma kile kwa mikono miwili, palepale mpira ulipozungukia. Verlin aliikamata miguu ya ngazi kwa nguvu zake zote, ingawa sasa alijua haihitaji.

"Miaka mitatu nakiangalia chuma hiki kutoka chini," Janelle alisema huko juu, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Si mbali, mzee. Hata kidogo."

"Shuka taratibu."

"Kidato gani bado hujaandika?"

Verlin hakujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuchungulia chini ya vidato vile.

"Cha leo," alisema. "Na hicho ulichosimamia."

"Hiki kiache," Janelle alisema. "Mwakani nitakuja kukiandika ubingwa."