Shule Isiyo na Foleni

Ipo asubuhi moja ya Brussels, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo nina mvi. Nilishuka kwenye tramu kule Etterbeek na kikapu cha maandazi mkononi, nampelekea mke wa ofisa mmoja wa kwetu aliyekuwa na wageni. Mbele ya jengo la matofali mekundu nikaona watu wamejipanga, makoti yamefungwa mpaka kooni, wengine wamekaa kwenye viti vya kukunja na vikombe vya kahawa mikononi. Nikajipanga nao.

Usicheke. Sisi tuliokua enzi za duka la kaya, ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza baadaye. Mama alinituma sabuni nikarudi na sukari, na hakuna aliyenigombeza, maana kilichopatikana ndicho kilichotakiwa. Mazoea yana taabu. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mume wangu anasomea udaktari bingwa kwenye hospitali ya chuo kikuu kule Jette, na bado miguu yangu ikiona foleni inasimama yenyewe.

Mbele yangu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, anaongea na simu kwa Kiswahili cha Katanga. Nilifurahi kama niliyekutana na jirani. Alipomaliza nikamwamkia shikamoo. Hakuijua marahaba, masikini, akanipa mkono. Aliitwa Papa Kasongo, mwalimu mstaafu wa Lubumbashi, anaishi kwa binti yake, na pale alikuwa amemshikia nafasi mjukuu wake.

“Na weye, maman, uko unangojea nini hapa?”

“Sijui, Papa. Nimeona foleni.”

Alicheka hadi kofia ikamwendea usoni. “Bon. Uko na mutoto?”

“Ninaye, Tatu. Anamaliza shule ya msingi mwaka huu.”

“Alors Mungu njo alikutuma! Hapa tuko tunaandikisha batoto ba sekondari. Ule anafika wa kwanza, anapata wa kwanza. Nafasi ikiisha, imeisha.”

Nikatoa maandazi, tukala, nikaanza kumsaili. Wewe unanijua, kuuliza kwangu ni ugonjwa. Nilitaka kujua ada ni kiasi gani. Akaniambia hakuna ada. Serikali inawalipa walimu, na shule inapata fungu lake kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Shule ya mapadri, shule ya manispaa, zote zinalishwa chungu kimoja. Mzazi ndiye anayechagua, na mtoto akihama, fungu lake linahama naye.

“Hata sisi wageni?”

“Hata siye bageni. Hata weye na kitambaa yako ya kichwa. Kule kwetu muzazi njo analipa mwalimu, kama hana franga mutoto anarudishwa ku nyumba. Nilikuwa ninafukuza batoto pa mulango, maman, na ninajua majina ya bababa yabo yote. Ile kitu iliniumiza sana. Donc mi nikifika huku nikaona hivi, nilisema: hapa kuko akili.”

Juzi uliponieleza kwamba kwenye kamati yenu ya shule kuna watu wanataka serikali iwape wazazi vocha za shule, kama zile vocha za pembejeo walizopewa wakulima, mzazi achukue yake aipeleke shule aipendayo, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye foleni ile. Wabelgiji hawakupewa karatasi mkononi, lakini jambo ni lile lile. Nami nilipolisikia mara ya kwanza nililipenda, na nikwambie kweli, upande mmoja wa moyo bado unalipenda.

Maana hebu fikiri. Tuliishi Molenbeek, karibu na mfereji, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa nafuu. Kwa desturi ya kwetu, mtoto wa mtaa wa kodi nafuu anasoma shule ya kodi nafuu na hakuna wa kumlalamikia. Pale kwenye foleni ya Etterbeek, mwalimu mkuu alitusalimia mmoja mmoja akatuuliza kama tunahisi baridi. Mimi! Nimezoea mwalimu mkuu anayemwacha mzazi asimame dirishani mpaka amalize chai. Nikajua huyu bwana anatuheshimu kwa sababu tunaweza kwenda kwa mwenzake, na nikaona si vibaya heshima ikitoka huko, mradi inatoka.

Sikuwa nimesimama muda mrefu akaja mwanamke mbio, anahema, amevaa koti la kazi lenye harufu ya sabuni ya sakafu, akasimama nyuma yangu. Aliitwa Maman Clarisse, wa Likasi, na kumbe tulikaa mtaa mmoja kule Molenbeek bila kujuana. Alikuwa akisafisha maofisi alfajiri. Alimwomba msimamizi wake amruhusu kutoka mapema siku hiyo, akakataliwa. Mwanawe Trésor alikuwa hodari wa hesabu, na mwalimu wake ndiye aliyemwambia mama ampeleke shule hii, kwa kuwa hesabu na sayansi zinafundishwa sawasawa.

“Mi nilifikiri nitakuta batu mingi sana,” akasema. “Kumbe si mingi. Asante Yezu.”

Nikampa andazi. Akala nusu, nusu akaifunga kwenye leso ampelekee kijana.

Mlango ukafunguliwa, tukasogea. Papa Kasongo akaingia, akatoka anatabasamu. Nikaingia mimi. Karani, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaandika jina la Tatu, akanigongea muhuri, kisha akainuka akaenda mlangoni akasema maneno ya Kifaransa kwa sauti ya masikitiko. Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia viazi, lakini maneno yale niliyaelewa. Nafasi zilikuwa zimekwisha. Ya mwisho ilikuwa ya Tatu.

Maman Clarisse hakupiga kelele. Aliuliza mara moja, akauliza tena taratibu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa katika namna alivyouliza. Kisha akanitazama, akasema, “Hongera, maman,” akaenda zake kwenye tramu.

Mwanangu, nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi sana, na furaha yenyewe ikanitia aibu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami nilikuwa nimevuta bila hata kujua kuna ngoma. Nikamwambia Papa Kasongo narudi ndani kuifuta nafasi ile.

Akanishika mkono. Hapo ndipo alipoacha kutania.

“Weye ulifika hapa haujue unataka nini, ukapata. Ule alijua, akakosa. Ile njo kitu ya kwanza ya kuona. Lakini ukirudisha, Tatu atabeba zambi gani? Kesho mutaingia mu laini ingine, muntu mwingine atakosa. Hapana. Uulize swali ya kweli, maman. Weye unapenda kuuliza, si ndiyo? Uulize: kwa nini masomo ya kule kwenu, karibu ya mufereji, haina laini?”

Masomo kwao ndiyo shule, na laini ndiyo foleni. Nilipanda tramu nikiwa na karatasi ya shule ya Etterbeek mkobani na swali la mzee kichwani, na swali ndilo lililokuwa zito. (Maandazi ya mke wa ofisa? Yalikuwa yamekwisha kuliwa na foleni. Aliwapa wageni biskuti, na hakuniagiza tena.)

Wiki ile ile nilikwenda kwenye shule isiyo na foleni, ile ya mtaani kwetu karibu na mfereji. Kuuliza si ujinga. Nilitegemea kukuta uchafu na walimu wa kusinzia. Nikakuta madarasa safi, na mwalimu wa hesabu kijana wa kike, chaki mpaka kwenye nyusi, anafundisha kwa moyo wake wote. Alinikaribisha akidhani nakuja kumwandikisha mtoto. Nilipomweleza nimekuja kuuliza tu, alicheka kidogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba watoto wake wazuri huhama kila mwaka. Mmoja anahama kwa sababu mama yake amesikia habari. Wa pili anahama kwa sababu wa kwanza amehama. Vichwa vikipungua, saa za walimu zinapunguzwa, na mwalimu anayepunguziwa saa naye anatafuta kwingine. Hakumlaumu mzazi yeyote. Aliniuliza, kwa upole kabisa, Tatu atasoma wapi. Nikamwambia Etterbeek, naye akaitikia kwa kichwa.

Kizuri hakikosi ila, walisema wazee. Nilianza kuitafuta ila ilipo, na kila nilipodhani nimeishika ilinihama. Nikasema ila ni watu kutojua habari. Basi nikawa mpiga mbiu. Kila mama niliyemkuta msikitini, kila aliyekaa kusukwa saluni, nilimweleza siku za kuandikisha. Mwaka uliofuata foleni zikarefuka, na waliokuwa na kazi za alfajiri wakakosa kama kawaida. Baadaye serikali ikafuta foleni, ikaweka utaratibu wa alama, na umbali wa nyumba ukahesabiwa. Nikashangilia. Kumbe walio karibu na shule zinazotakiwa ni wale wale wenye nyumba za bei. Wakatenga nafasi kwa watoto wa shule za mitaa duni, na hilo likasaidia kweli, wapo niliowaona. Lakini mtu mwenye hila hakosi shangazi wa kumwazima anwani. Sisemi wasijaribu. Nasema nilikuwa nikitazama kama mtu anayeziba paa, akiziba hapa maji yanatokea kule, nami sikuchoka kutazama.

Tatu wangu shule ilimfaa. Alisoma, alipata marafiki, leo anajitegemea. Alichokosa ni kucheza na watoto wa mtaani kwake, maana alitoka asubuhi na tramu akarudi jioni, na Trésor wa Maman Clarisse aliyekaa milango michache kutoka kwetu hakucheza naye hata siku moja.

Trésor ndiye aliyekwenda shule ile ya karibu na mfereji. Alifundishwa na yule mwalimu wa chaki, akawa wa kwanza darasani, mama yake akatamba, na alikuwa na haki ya kutamba. Halafu waliokuwa na uwezo wa kuhama wakazidi kuhama. Mwaka aliofika darasa la kuchagua masomo, mchepuo wa hesabu na sayansi ukafungwa, kwa kuwa waliobaki kuutaka hawakutosha kuitwa darasa. Shule nyingine zilikuwa zimejaa. Kijana akaingia ufundi wa mabomba. Ni kazi ya heshima na anaifanya vizuri, bafu la nyumba yetu ya Molenbeek alilitengeneza yeye. Lakini siye aliyeichagua, na katika nchi ambayo kila mtu aliniambia mzazi anachagua, neno hilo liliniuma.

Nilikutana na Maman Clarisse sokoni miaka ile ya mwisho kabla hatujarudi nyumbani. Nikamwuliza habari za kijana. “Muzuri tu, Mungu iko,” akasema. Akachagua nyanya, akazipima kwa mkono. “Unajua, maman, mi sikukuchukia. Nilichukia kitu moja tu. Batu yote banasema nilichagua ile masomo. Hata Trésor siku moja aliniambia: mama, kwa nini ulinichagulia pale?”

Tulisimama pale mpaka muuza nyanya akatuomba tupishe wengine.

Basi mwanangu, mtakapokaa kwenye kamati yenu, usiwe wa kupinga kwa sababu jambo ni geni, wala wa kushangilia kwa sababu limetoka Ulaya. Kumpa mzazi uwezo wa kuchagua ni jambo jema. Limewatoa wengi mahali walipokuwa wamefungiwa, na mimi ni mmoja wao, sitakana nilichofaidi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wanaokuja kwenye mikutano ya kamati ni wale wenye nafasi ya kuja. Muulize mama anayefagia soko alfajiri yeye atachagua saa ngapi. Uliza atakapokosa, atabaki na nini. Kabla hamjagawa vocha hata moja, nendeni kwenye shule ambayo hakuna atakayeipelekea, mkae humo siku nzima, mwone inahitaji nini, mkaitie nguvu kwanza shule hiyo. Na mtu akibaki pale, asije akaambiwa alichagua.

Uendelee kuuliza, hata wakikuona msumbufu. Mola akupe masikio ya kusikia jibu, akujaalie watoto wenye afya na akili, na awajaalie shule ambayo mtoto akibaki humo hatakuwa ameachwa. Amina.