Vyumba Vinne vya Biubwa

Biubwa binti Vuai hakuwahi kuiita nyumba yake gesti. Gesti, alikuwa akisema, ni mahali pa kulipa na kulala. Kwake mgeni alilipa, kisha akala sinia moja na wenye nyumba, na akishikwa na homa alikandwa kama aliyezaliwa humo. Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, ya matofali mekundu, mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, na vyumba vya wageni vilikuwa vinne. Mumewe Adamu, Mtanga asiyejua kugombana hata na paka, alitandika vitanda. Binti yao Samira alifua mashuka. Biubwa, mzaliwa wa Wete mwenye miaka hamsini na miwili, alishika jiko na sheria. Na sheria ilikuwa moja tu: viatu vinabaki barazani.

Joël, muuza vifuniko vya simu kutoka Bukavu, aliipinga sheria hiyo wiki nzima ya kwanza.

"Mama, kwetu viatu vinalala na mwenye navyo, juu wezi ni wengi."

"Na hivyo vyako aviibe nani, mwanangu, kwa harufu ile?"

Victorine, msusi wa chumba cha pili, alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo Joël alivua bila kuambiwa. Kufikia mwaka wa pili miguu yake ilikuwa imezoea kuliko kichwa chake.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya Septemba 2019, vyumba viwili vikiwa vitupu. Magazeti yaliandika "vurugu". Vurugu ni kuku waliotoroka bandani. Yaliyotendeka siku hiyo yalitendwa na watu wenye majina na wenye mama zao, mchana kweupe, huku gari la polisi limeegeshwa kwenye roboti, zile taa za barabarani, mitaa miwili kutoka hapo tangu saa sita.

Biubwa alikuwa akikaanga bagia Joël alipoingia mbio, shati limechanika na nyusi zimeungua. Meza yake ya biashara ilikuwa imetiwa moto, na rafiki aliyeuza naye alibaki chini kwenye lami.

"Mama, banakuya! Wanakuja huku! Wanaingia nyumba kwa nyumba!"

Biubwa hakupiga yowe. Samira na Victorine aliwapandisha darini kwa ngazi, kisha Adamu akaiondoa ngazi na kuitupa uani. Mbao za dari zilikuwa zimeoza, zisingembeba mwanamume. Joël akasukumwa stoo, nyuma ya magunia ya unga. Mapazia yakashushwa, redio ikazimwa, vikombe vya ziada vikaondolewa mezani. Biubwa aliitazama nyumba kwa jicho la adui, akaona kwamba imesafika. Mgeni ni amana, na amana hii alikuwa ameifungia milango mitatu.

Wakafika kama thelathini, wenye marungu, minyororo na mapanga. Kiongozi wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aligonga geti kwa shoka.

"Watoe wageni wako!"

"Waliondoka jana wote," Biubwa akajibu kwa Kizulu chake cha sokoni. "Tumebaki wazee wawili. Tazama mwenyewe, hata chai hatujapika."

Yule mnene akakuna shingo. Wazee wawili hawakuwa windo la kujivunia. Alikwisha kugeuka aliposikia kicheko nyuma yake.

Aliyecheka alikuwa Mandla, fundi bomba wa mtaa wa pili. Mara mbili aliwahi kutengeneza tangi la maji moto la nyumba hiyo, na mara mbili alikula biriani mkekani na Adamu, buti zake zikisubiri barazani pamoja na za wengine. Sasa aliangalia chini, kupitia vyuma vya geti, akahesabu kwa ncha ya rungu.

"Wazee wawili, na miguu kumi?"

Jozi tano zilikuwa zimepangwa sambamba, visigino ukutani. Za Samira. Za Victorine, zenye shanga. Na mwishoni kabisa raba za Joël, kamba zimefunguliwa vizuri. Mtu aliyekuwa akikimbiza roho yake alisimama mlangoni akainama kuvua viatu! Na Biubwa, aliyekumbuka hata vikombe, alizipita raba hizo mara nne bila kuziona, kwa sababu hapo ndipo mahali pake.

Kufuli ilikatika kwa pigo la tatu. Adamu, yule mpole, alisimama mlangoni amepanua mikono.

"Mandla, umekula kwangu!"

Mandla alimpiga rungu la mdomo. Meno yalidondoka kwenye zulia, na Adamu akaanguka juu ya meno yake.

Magunia yalipasuliwa, unga ukatimka stoo nzima, na Joël akaburutwa mguu mmoja hadi jikoni, mweupe kama sanda. Panga lilimwingia pajani. Darini, Victorine alimziba Samira mdomo kwa viganja viwili. Mandla aliinua rungu lake juu ya kichwa cha Joël, na hapo Biubwa akalibeba karai la bagia kutoka motoni, mafuta yakiwa bado yanachemka, akammwagia mkono na kifua.

Mandla alimlilia mama yake. Rungu likamtoka. Wengine walirudi nyuma hatua moja, na katika hatua hiyo moja Biubwa alijitupa juu ya Joël, akamfunika kwa mwili wake wote.

"Toka, mama! Tunamtaka yeye!"

"Basi piteni hapa."

Wakapita. Marungu yalimshukia mgongoni. Ubavu mmoja ukalia, kisha mwingine. Alikuwa amelikandamiza paja la Joël kwa goti na upande wa khanga, na hakulegeza. Mmoja akasema waue wote wawili. Mwingine akasema yeye haui mwanamke. Walikuwa bado wanabishana king'ora cha polisi kiliposikika, wakatoka, wakipita na televisheni na mashuka.

Polisi wawili waliingia jikoni kwa uangalifu, wasichafue viatu vyao kwa mafuta.

"Amka, mama. Huyu ana kibali cha kuishi nchini?"

"Ana tundu pajani."

"Tutampeleka kituoni kwanza, tuandikishe."

"Basi mtatubeba wote wawili, hivi hivi."

Walimvuta bega. Akauma midomo kwa maumivu ya mbavu, akazidi kulala. Chini yake alisikia pumzi ya Joël, fupi, ikienda na kurudi. Robo saa ilipita hivyo, polisi wamesimama, mwanamke amelala, Adamu akitema damu sebuleni. Gari la wagonjwa lilipofika, muuguzi alipiga magoti kwenye mafuta, akamwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kuinuka.

"Weka mkono wako kwanza," Biubwa akasema. "Hapa. Kandamiza. Zaidi."

Aliposikia kiganja cha muuguzi kimeshika barabara chini ya goti lake, ndipo akaondoa goti.